Mashua ya mwendo wa pole: huituliza akili, lakini chunga jiko lake

Msomaji, huenda daktari amewahi kukufungua ile kanda ya kupimia shinikizo la damu mkononi, akatikisa kichwa na kukuambia, "Punguza mbio." Ni ushauri rahisi kutoa na mgumu kufuata. Utapunguzaje mbio na karo inangoja, matatu imejaa pomoni na simu haikomi kulia?

Huko Uingereza kuna chombo kimoja ambacho hakikupi hiari katika jambo hili. Ukishakipanda, mbio zimekwisha. Chombo chenyewe ni mashua ya mfereji, ambayo yaweza kuwa ndefu kama mabasi mawili yaliyofuatana na bado ikawa nyembamba kuliko basi moja. Sheria haiiruhusu kupita maili nne kwa saa, yaani kilomita sita na kidogo. Mtu anayekimbia kujipa mazoezi kando ya maji atakupita, na akifika mbele atageuka kukupungia mkono.

Wiki hii tunakualika katika safari ya siku moja ndani ya mashua hiyo. Tutaeleza yanayoufaa mwili, yanayoituliza akili, na pia lile moja ambalo limewaua watu wakiwa wamelala kitandani, jiko likiwaka kando yao. Hilo la mwisho, kama utakavyoona, linakuhusu hata kama hujawahi kuvuka mipaka ya nchi na huna nia ya kuivuka.

Mifereji hii ilitoka wapi?

Kabla ya reli na malori, Waingereza walikuwa na shida ya kusafirisha makaa ya mawe, udongo wa mfinyanzi na nafaka. Barabara zilikuwa matope matupu. Mnamo 1761 mfereji wa Mtawala wa Bridgewater ulifunguliwa, ukapeleka makaa Manchester, na bei yake ikashuka sana. Tangu hapo nchi nzima ikashikwa na homa ya kuchimba mifereji. Farasi mmoja, akitembea kando ya maji na kuvuta kamba, aliweza kukokota mzigo ambao barabarani ungewashinda farasi wengi.

Leo mizigo imekwenda zake kwenye reli na barabara. Baridi kali ya 1962 na 1963, iliyogandisha mifereji kwa majuma mengi, iliwavunja moyo wengi wa wafanyabiashara waliokuwa wamebaki. Hata hivyo mifereji yenyewe haikufa. Tangu 2012 shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust ndilo linalotunza mifereji na mito ya Uingereza na Wales ipatayo kilomita 3,200. Watu hukodi mashua kwa siku moja au kwa juma zima, na wengine wamezifanya nyumba za kuishi. Ili kuendesha mashua ya kukodi huhitaji leseni ya udereva. Wenyewe watakufundisha kwa muda mfupi kabla hujaondoka.

Saa tatu asubuhi: matayarisho

Tuchukue safari ya kusini kutoka kijiji cha Blisworth, katika jimbo la Northamptonshire, hadi Cosgrove, kwenye mfereji wa Grand Union. Ni mwendo wa kama kilomita 14 hivi. Kwa gari ungefika kabla hujamaliza kusikiliza taarifa ya habari. Kwa mashua, itakuchukua muda wa saa sita au zaidi.

Kwanza utajaza tangi la maji ya kunywa. Utaangalia mafuta ya injini ya dizeli, kisha utafungua kamba za omo na tezi. Utasimama nyuma, mkono wako umeshika kana, ule mkono mrefu wa usukani. Hapo ndipo somo la kwanza linapoanza: ukiisukuma kana kushoto, omo huelekea kulia. Tena, chombo hakikujibu papo hapo. Unasukuma, unangoja, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo mbele kule mbali omo inapoanza kugeuka. Mwenye pupa husukuma zaidi, akajikuta amegonga ukingo. Mwenye subira hupita bila hata kugusa nyasi.

Zingatia haya kabla ya kuondoka. Mashua ya chuma yaweza kuwa na uzito wa tani 15 au zaidi na haina breki kama gari. Kwa hivyo usijaribu kamwe kuizuia kwa mguu au kwa mkono isigonge ukuta au mashua nyingine. Mfupa wa mtu hauna nguvu mbele ya tani 15. Acha igonge. Rangi hupakwa upya.

Unapokutana na mashua nyingine, shika upande wako wa kulia, kinyume cha magari ya huko na ya kwetu. Na ukiona mashua zilizofungwa kandoni, punguza injini hadi mwisho, kwa maana mawimbi yako humwaga chai ya watu.

Handaki la Blisworth

Hujaenda mbali kabla ya kuona kilima mbele yako na tundu jeusi chini yake. Hilo ni handaki la Blisworth, lenye urefu wa mita 2,813. Jaribio la kwanza la kulichimba lilishindwa kwa sababu ya maji yaliyofurika ndani, na lilifunguliwa mwaka wa 1805 baada ya kuchimbwa upya kwa mstari mwingine.

Washa taa ya mbele, vaa koti hata kama nje kuna jua, na vaa jaketi la uokoaji. Ndani mna baridi, na kila unapopita chini ya shimo la hewa, maji hudondoka shingoni. Utakaa gizani kwa zaidi ya nusu saa. Upana wa handaki huruhusu mashua mbili nyembamba kupishana, nawe utaiona taa ya mwenzako ikija taratibu kutoka mbali kama nyota iliyopotea njia.

Zamani hapakuwa na injini wala njia ya farasi humu. Farasi alipandishwa kilimani, na wanaume wawili walilala chali juu ya ubao huku miguu yao ikikanyaga kuta za handaki, wakaitembeza mashua kwa nyayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukilalamika kwamba mgongo unakuuma kwa kukaa ofisini, wafikirie hao.

Kisha zikaja injini za mvuke, na pamoja nazo moshi. Mnamo Septemba 1861, mashua moja ya mvuke iliingia humu wakati ambapo mafundi walikuwa wamejenga jukwaa la ukarabati lililozuia hewa kupita vizuri. Moshi ukajaa, watu wakazimia, na wanaume wawili wakafa. Baada ya msiba huo mashimo zaidi ya hewa yalichimbwa kutoka juu ya kilima. Yale matone yanayokulowesha shingo, basi, yanatoka katika mashimo yaliyowekwa ili upumue. Likumbuke jambo hili. Tutalirudia jioni.

Malango saba, mazoezi bila kujua

Ukitoka kwenye mwangaza utafika Stoke Bruerne, kijiji chenye jumba la makumbusho la mifereji. Hapa ardhi inashuka, na maji hayawezi kushuka mteremko bila kumwagika. Waliojenga mfereji walitatua tatizo hilo kwa vyumba vya mawe na matofali vyenye malango mbele na nyuma. Vinaitwa loki. Mashua inaingia chumbani maji yakiwa juu, lango linafungwa nyuma yake, maji yanatolewa, mashua inashuka pamoja nayo, kisha lango la mbele linafunguliwa. Hapa Stoke Bruerne kuna loki saba, moja baada ya nyingine.

Hakuna mtambo wa umeme. Mtambo ni wewe. Utapewa hendeli ya chuma, inayofanana na ile iliyotumiwa kuwashia malori ya zamani. Kwa hendeli hiyo utazungusha meno ya chuma yanayoinua vizibo ili maji yapite. Halafu utaegemea boriti ndefu ya lango, utageuza mgongo, utakita miguu na kusukuma kwa makalio na mapaja. Lango lina uzito unaozidi tani moja, na halitasogea hata kidogo mpaka maji yalingane pande zote mbili. Yakilingana, linaachia lenyewe, polepole, kama mlango wa nyumba ya wakwe unaofunguliwa baada ya maneno mengi.

Shirika la Afya Duniani hushauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kwa juma angalau. Hebu hesabu. Loki saba, kila moja ikichukua robo saa hivi, huku ukitembea kutoka moja hadi nyingine kuitayarisha, ukiinama, ukizungusha, ukisukuma na kuvuka. Utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya deni la juma kabla ya chakula cha mchana, nawe hukuona kwamba ulikuwa ukifanya mazoezi. Wengi hushindwa na mazoezi kwa sababu yanachosha akili kabla ya kuchosha mwili. Hapa una kazi mbele yako na mashua inangoja, basi unaifanya.

Hata hivyo, loki haitaki mchezo. Mambo manne huwaumiza watu mara kwa mara:

Kwanza, hendeli iliyoachwa juu ya mti wake. Kizibo kikiteleza, hendeli huzunguka kwa kasi na yaweza kuvunja mkono au taya. Ukimaliza kuzungusha, iondoe.

Pili, kizingiti kilichofichwa. Chini ya lango la juu kuna ngazi ya zege au jiwe inayojitokeza maji yanaposhuka. Mashua ikikaa nyuma mno, tezi yake hukwama juu ya kizingiti huku omo ikiendelea kushuka, na chombo kinaweza kuzama kwa dakika chache. Ukutani pamepakwa mstari mweupe kuonyesha mwisho wa kizingiti. Kaa mbele ya mstari huo, na mwenye hendeli asiondoe macho yake mashuani.

Tatu, kamba iliyofungwa kwa fundo. Unaposhuka, kamba izungushwe tu kwenye kigingi na kulegezwa mkononi. Ikifungwa, mashua itaning'inia.

Nne, kuruka. Usiruke kutoka mashuani kwenda nchi kavu, na usikimbie juu ya lango lililolowa. Kiatu chenye soli inayoshika ni muhimu kuliko kofia ya kupendeza.

Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye mgongo mbovu, mwenye ngiri au mama mjamzito asisukume malango kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kazi ya kushika kana ni nyepesi, na vijana wa kusukuma hawakosekani.

Muuguzi wa wana-maji

Usiondoke Stoke Bruerne bila kusikia habari za muuguzi Mary Ward.

Katika karne ya 19, ushindani wa reli ulipowabana wenye mashua, wengi wao waliacha nyumba zao wakawahamishia wake na watoto mashuani ili kuokoa kodi na mshahara wa msaidizi. Familia nzima ililala katika kijumba cha nyuma chenye urefu wa mita tatu hivi na upana wa mita mbili. Humo ndimo palipokuwa kitanda, jiko, kabati na meza. Watoto hawakukaa mahali pamoja kiasi cha kusoma shule, na ugonjwa wa kuambukiza ukiingia haukubakisha mtu. Mwanaharakati George Smith wa Coalville alilipigia kelele jambo hilo mpaka Bunge likapitisha sheria mwaka wa 1877, ikaimarishwa mwaka wa 1884. Kwa sheria hizo mashua za kuishi zilisajiliwa, idadi ya watu kijumbani ikawekewa mpaka, na wakaguzi wakapewa ruhusa ya kuingia kutazama.

Lakini sheria haifungi kidonda. Mwenye mashua alilipwa kwa safari, si kwa siku, na kusimama kumtafuta daktari kulimaanisha kupoteza chakula. Mary Ward, binti wa nyumba iliyouzia mashua kamba hapo kijijini, aliwatibu watu hao kandoni mwa mfereji kwa miaka mingi katika karne ya 20. Walijua kwamba wakifika Stoke Bruerne, mlango wake uko wazi na hawatadharauliwa kwa mikono yenye masizi. Mnamo 1951 alitunukiwa nishani ya Milki ya Uingereza.

Funzo ni wazi. Huduma ya afya huwafaa watu inapokaa palipo na njia yao. Mgonjwa asiye na muda hatafuata hospitali iliyo mbali na kazi yake, hata iwe nzuri namna gani.

Mchana: akili nayo inapumua

Baada ya loki ya saba bonde linafunguka na mfereji unakwenda sawasawa kwa kilomita nane hivi bila lango hata moja. Sasa huna la kufanya ila kushika kana na kutazama. Korongo wa kijivu amesimama kwa mguu mmoja majini. Akikuona huruka mbele hatua mia moja, akatua, ukamfikia tena, akaruka tena. Mdiria hupita kama cheche ya buluu. Ng'ombe huja kunywa na kukushangaa.

Usidhani huu ni uvivu. Mtu mwenye wasiwasi huishi katika kesho na jana. Mashua haimruhusu. Inadai macho yake yawe mbele, kwenye daraja lijalo, kwenye kona, kwenye tawi lililoinama. Wakati huo huo inamdai kidogo tu, kiasi kwamba mabega hushuka yenyewe na pumzi hurefuka. Utafiti wa wataalamu wa chuo cha King's College London, uliochapishwa mwaka wa 2022, uliwafuatilia watu kwa programu ya simu. Ulionyesha kwamba waliotembelea mifereji na mito walijisikia vyema zaidi, na kwamba hali hiyo iliweza kuendelea hata kwa saa 24 baadaye. Maji, miti na ndege kwa pamoja hufanya kazi ambayo kimoja kati yao pengine hakiwezi peke yake.

Tutoe onyo dogo hapa. Usiiharibu dawa kwa bia na chipsi. Mikahawa ya kando ya mfereji ni mingi, na mlevi hafai kushika kana wala kusimama ukingoni mwa loki. Vaa kofia, kunywa maji, na upake mafuta ya kukinga jua. Upepo wa majini hukudanganya kwamba jua halichomi.

Ukianguka majini

Mfereji kwa kawaida si wa kina kirefu. Mara nyingi mtu mzima akianguka anaweza kusimama, maji yakamfikia kifuani au kiunoni. Basi kwanza jaribu kusimama. Ndani ya loki, hata hivyo, kina ni kirefu na kuta ni laini, na hapo ndipo hatari ilipo.

Adui mwingine ni baridi ya maji. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi ghafla bila kutaka, na akiwa chini ya maji huvuta maji. Usipigane nayo. Lala chali, kichwa nyuma, elea mpaka pumzi itulie, ndipo uite msaada au uogelee. Aliye juu ya mashua naye afanye moja kwanza: azime mwendo wa rafadha, kisha arushe boya au kamba. Asiruke kumfuata.

Zaidi ya hayo, maji ya mfereji hukaa na mikojo ya panya, na humo huweza kuwa na vijidudu vya homa ya leptospira. Huingia mwilini kupitia mchubuko, macho au mdomo. Funika vidonda kwa plasta isiyopenya maji na uoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Ukipata homa, maumivu makali ya misuli, kichwa kuuma au macho kuwa ya manjano katika majuma yanayofuata, nenda kwa daktari na umwambie waziwazi, "Nilikuwa mferejini." Ugonjwa huu hutibiwa kwa viuavijasumu ukigunduliwa mapema, na asiyetajiwa maji huenda akautafuta kwingine.

Jioni: adui asiye na harufu

Umefika Cosgrove. Umepita loki moja fupi, umefunga kamba kwenye vigingi, na mbele yako kuna daraja la chuma la 1811 linalobeba mfereji juu ya mto Great Ouse. Mwezi wa Juni jua la huko huzama baada ya saa tatu usiku, basi una muda wa kukaa nje. Kisha ubaridi unaingia. Mikono inauma kidogo, uchovu ni mtamu. Mtu anafunga madirisha, anatia kuni na makaa jikoni, na kijumba kinakuwa na joto la kupendeza.

Hapa, msomaji, ndipo tunapokuomba utusikilize kwa makini.

Moto wowote usiopata hewa ya kutosha, uwe wa makaa, kuni, gesi au dizeli, hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukiivuta hujishika kwenye damu yako mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi uhai. Kijumba cha mashua ni kidogo, kimezibwa vizuri dhidi ya baridi, na kina moto ndani yake. Huhitaji mabaya zaidi ya hayo.

Dalili zake hudanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kuchanganyikiwa. Mtu husema ni jua la mchana, au ni mafua, akajilaza. Kulala ndiko kunakomwua. Alama ya kuitambua ni hii: watu kadhaa wanaumwa kwa pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje. Ukiona hivyo, toka na wenzako mara moja, zima moto na injini ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kuchelewa, na piga 999 ukiwa nje. Usirudi ndani kuchukua kitu.

Kule Uingereza, tangu Aprili 2019 kanuni za usalama wa mashua zinadai vyombo vyenye sehemu ya kuishi viwe na king'ora cha gesi hii kinachofanya kazi. Kibonyeze ukikijaribu siku ya kwanza. Usizibe vitundu vya hewa hata kama upepo unapenya. Usiingize ndani jiko la kuchomea nyama, hata likionekana limezimika, kwa sababu makaa yanayopoa bado hutoa gesi. Usiache injini inaunguruma umelala. Kwa kweli hata jirani zako wanakutaka uizime kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi.

Wale wanaume wawili wa 1861 walikufa kwa moshi katika handaki lililozibwa. Walichokosa ni tundu la hewa.

Na sasa tuje nyumbani. Ile baridi ya Julai inapoingia, ni nyumba ngapi za chumba kimoja ambamo jiko la makaa huingizwa ndani baada ya chakula, dirisha likafungwa, na watoto wakalala joto? Kijumba hicho cha mashua na chumba chako havina tofauti mbele ya gesi hii. Jiko likishapika, lilale nje. Ikibidi liwake ndani, dirisha na mlango viachwe wazi kiasi, na asiachwe mtu amelala nalo. Blanketi moja zaidi ni rahisi kuliko jeneza.

Mambo ya kukumbuka

1. Chukua dawa zako za kila siku za kutosha, na ziada kidogo. Mashua haikimbilii duka la dawa.

2. Kila daraja la mfereji lina namba. Itazame unapopita na uikumbuke. Ukihitaji ambulansi, namba ya daraja ndiyo anwani yako.

3. Watoto na wasiojua kuogelea wavae jaketi la uokoaji wakati wote wawapo nje ya kijumba.

4. Hesabu safari yako hivi: jumlisha maili na loki, gawanya kwa tatu. Jibu ni saa utakazotumia. Ukipanga zaidi ya saa saba kwa siku, umerudi mbioni.

5. Jaribu king'ora, acha vitundu vya hewa wazi, zima injini.

Wenye vyombo wa pwani yetu husema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Waweza kuzunguka mbele na nyuma, mwisho utarudi ndani ya chombo kulala. Siku nzima mashua hii itakufundisha kupumua polepole. Kabla hujafumba macho, hakikisha na yenyewe ina mahali pa kupumulia.